Figo Haikugandishwa



Hivi karibuni nilisikia redioni taarifa ya sayansi iliyosomwa kwa sauti tamu na kwa Kiswahili kilichonyooka. Msomaji alisema kwamba wataalamu wa Marekani wamefaulu "kugandisha figo ya panya kwa siku mia moja, kisha wakaiyeyusha na kuipandikiza". Upatanisho wa kisarufi umetimia, njeo zimekaa sawa, na mwanafunzi wa kidato cha pili angeiandika sentensi hiyo katika insha nisingekuwa na pa kutia wino mwekundu. Hata hivyo ni uongo mwanzo hadi mwisho. Figo ile haikugandishwa, na kwa kuwa haikugandishwa haikuwa na cha kuyeyushwa. Kazi nzima ya maabara ile ilikuwa kuizuia isigande.

Nilifundisha Kemia na Biolojia kwa zaidi ya miaka thelathini tangu nilipotoka chuo cha ualimu, na kwa kuwa shule zetu hazikuwahi kuwa na walimu wa kutosha, vipindi vya Kiswahili navyo viliniangukia. Ugomvi huu naujua kutoka pande zote mbili za ubao. Naomba mnivumilie nieleze kwanza jambo lenyewe, maana tumezoea kugombania jina la kitu ambacho hakuna miongoni mwetu aliyekitazama.

Kiungo cha kupandikizwa kikishatolewa mwilini huoshwa kwa mmumunyo maalumu, hutiwa katika mfuko, na mfuko huwekwa ndani ya sanduku la barafu. Barafu hiyo iko nje. Kiungo chenyewe hukaa kwenye nyuzi chache juu ya sifuri, nacho hakigandi. Tangu hapo muda unahesabiwa. Moyo na mapafu huweza kungoja kwa saa 4 hadi 6, ini yapata saa 8 hadi 12, figo siku moja au moja na nusu. Zaidi ya hapo seli, ambazo baridi imezipunguzia njaa bila kuiondoa, hufa. Ndiyo maana moyo mzima wa marehemu huweza kutupwa huku mgonjwa anayeuhitaji yumo katika mji ambao ndege haiwezi kuufikia kwa muda huo. Wanakemia wakauliza: kwa nini tusishuke chini zaidi, hadi pale ambapo kuoza kwenyewe husimama? Naitrojeni oevu huchemka kwenye nyuzi 196 za selsiasi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo, kwa seli, dakika 10 na miaka 10 hazina tofauti kubwa.

Kizuizi ni maji. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na kila aliyewahi kusahau chupa iliyojaa ndani ya friza ameona matokeo yake. Lakini kupasua si ubaya wake mkubwa. Molekuli za maji zinapoanza kuwa barafu hujipanga safu kwa safu, kila moja mahali pake, na safu hizo hazimpokei mgeni. Chumvi na vyote vilivyokuwa vimeyeyuka ndani ya maji hufukuzwa, hujazana katika maji machache yaliyosalia, na seli zilizozungukwa na maji hayo makali hunyonywa hadi zikanywea. Fuwele nazo huota ndani ya mishipa midogo ya damu na kuibomoa. Figo iliyoganda kisha ikayeyuka hubaki na umbo la figo, lakini ukiirudishia damu huvuja kama gunia.

Sisemi kwamba hakuna kinachogandishwa kikapona. Pale Usa River, Arusha, kwenye Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, mbegu za madume bora ya ng'ombe huhifadhiwa ndani ya naitrojeni oevu kwa ajili ya wafugaji. Hizo hugandishwa kwelikweli. Barafu hujengeka katika maji yaliyo nje ya seli, na seli moja moja, zikiwa zimekingwa kwa gliseroli, hujihifadhi katika vijia vinavyobaki kati ya fuwele. Zikifa kadhaa hakuna msiba, kwa kuwa ni mamilioni. Figo haina nafasi hiyo. Figo ni mji wenye njia, mabomba na machujio, na mji hauponi kwa sababu tu baadhi ya raia wamepona. Basi gandisha lina nyumba yake halali, na nyumba hiyo ni Usa River. Sitaki lifukuzwe huko.

Kinga hii ya gliseroli iligunduliwa kwa namna ya kuchekesha, na kwa watu wa lugha kisa chake kina utamu wa pekee. Huko Mill Hill, London, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakijaribu kuhifadhi mbegu za jogoo kwa sukari ya matunda, nazo zikifa tu. Siku moja chupa waliyoidhania kuwa ya sukari hiyo ikaleta ajabu: mbegu zikapona. Walipoichunguza wakakuta ndani yake hamna sukari, bali gliseroli na ute wa yai. Kibandiko hakikuwa chake. Mwaka 1949 walichapisha habari hiyo, na katika kichwa cha makala yao wakatumia neno la Kiingereza lenye maana ya "kufanya kioo", ilhali walichokifanya, kama tunavyokielewa leo, kilikuwa kugandisha. Kwa hiyo Waingereza nao walichanganya vibandiko, mara mbili katika kazi moja. Tofauti ni kwamba baadaye walirudi wakavisafisha.

Figo ilihitaji njia nyingine: maji yashuke hadi chini kabisa bila kupata nafasi ya kujipanga. Mpishi wa kashata anaijua njia hii. Sukari iliyochemshwa ikaiva, ikamwagwa juu ya sinia na kupoa upesi, huwa ngumu na ang'avu, hata uone ua la sinia chini yake. Ukiikoroga ovyo inapopoa, hurudi kuwa chengachenga nyeupe. Sukari ni ile ile. Katika chenga, molekuli zimepanga safu. Katika ile ang'avu kila moja imenaswa pale pale ilipokuwa ikipita, isipate muda wa kutafuta mwenzake. Hali hiyo wanasayansi huiita kioo, hata pasipokuwa na mchanga wala dirisha. Sandarusi nayo ni kioo cha namna hiyo, utomvu uliokuwa mgumu bila kujipanga. Wazee wetu wa Mrima waliichimba, ikauzwa Unguja, ikapakiwa majahazini na merikebuni hadi Salem ya Massachusetts kutengenezewa vanishi. Na mdudu aliyenaswa ndani yake hukaa na mbawa zake zote.

Maji matupu hayakubali kwa urahisi kuwa kioo. Yana haraka mno ya kujipanga. Hapo ndipo mwanakemia anapoingia. Huyachanganya na vitu vya kuyashika mkono yasifikiane: gliseroli, dimethili salfoksaidi, fomamaidi, na ethilini glaikoli, ile ile ambayo fundi huitia ndani ya rejeta ya gari kwa jina la kulanti. Mmumunyo mmoja maarufu, M22, ulioundwa na Gregory Fahy na wenzake huko California, una takriban moli 9.3 za vitu vya namna hii katika kila lita. Aliyewahi kushika chupa ya maabara atashtuka, maana kwa kiasi hicho karibu vyote ni sumu. Kazi ya miaka nenda miaka rudi imekuwa ni kupima: kipi kipunguzwe, kipi kiongezwe, kiingizwe mishipani kwa hatua zipi, katika baridi ipi, kwa dakika ngapi, ili kioo kipatikane kabla sumu haijafanya yake. Iligundulika hata kwamba dimethili salfoksaidi hupunguza ukali wa fomamaidi, kama wezi wawili wanaochungana.

Mwaka 1985 Fahy na William Rall walionyesha kwamba viinitete vya panya vinaweza kushuka hadi nyuzi 196 chini ya sifuri bila barafu, navyo vikaishi. Mwaka 2009 ikachapishwa habari ya figo ya sungura iliyofikishwa katika hali ya kioo, ikarudishwa katika mwili wa sungura asiye na figo nyingine, naye akaishi siku 48 mpaka watafiti wenyewe walipohitimisha jaribio. Kushuka, basi, kulishawezekana. Mtego uko katika kupanda. Kioo kikipashwa joto polepole, molekuli hupata tena muda wa kujipanga, na barafu uliyoikwepa wakati wa kwenda hukungojea njiani wakati wa kurudi. Ukipasha kwa nje, gamba hulegea huku kiini kingali jiwe, na kiungo hupata ufa. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, kundi la John Bischof na Erik Finger lilitatua jambo hili kwa kupitisha ndani ya mishipa ya figo chembechembe ndogo mno za oksaidi ya chuma zilizovikwa silika. Figo ikitiwa ndani ya uga wa sumaku unaogeuka-geuka kwa kasi, chembe hizo hupata moto zote pamoja, na figo hupashwa kutoka ndani, kila mahali kwa wakati mmoja. Kisha chembe huoshwa zikatoka. Mwaka 2023 walitangaza kwamba figo za panya zilizokaa hivyo hadi siku 100 zimepandikizwa, na panya waliokuwa hawana figo nyingine wakaishi kwazo. Figo ya binadamu ni kubwa kuliko ya panya zaidi ya mara mia, na ukubwa ndio adui wa kupoza na kupasha upesi. Safari bado ni ndefu, lakini hiyo ndiyo habari iliyotufikia redioni ikiwa imevikwa nguo za habari nyingine.

Sasa irudieni ile sentensi ya redio. Watu wa miaka 40 wamehangaika kuyazuia maji yasipange safu, nasi kwa neno moja tumeyapanga. Nilipolalamika kwa rafiki yangu, mshairi mwenye jina, alinijibu: "Mwalimu, watu wataelewa tu." Wataelewa nini? Msikilizaji wa Kariakoo akisikia gandisha anamwona samaki wa friza, mgumu, jicho jeupe. Anajua kwa uzoefu wake wote kwamba samaki yule hataogelea tena. Ukimwambia kwamba figo iligandishwa, ikayeyushwa, ikafanya kazi, umemwachia mambo mawili ya kuchagua: ama wataalamu wanasema uongo, ama ni wachawi. Kisha tunamlaumu kwa kutoiamini sayansi.

Wala hili si la panya peke yao. Tangu Novemba 2017 Muhimbili inapandikiza figo. Kaka huitwa, hukalishwa kitako na mdogo wake mgonjwa, huelezwa kitakachotolewa, kitakachowekwa na hatari yake, kisha hutakiwa aseme ndiyo au hapana. Mazungumzo hayo hufanywa kwa Kiswahili, hata daktari awe amesomea wapi. Ikija siku ambayo viungo vilivyohifadhiwa kwa njia hii vinafika huko, na mgonjwa akaulizwa kama yu radhi kupokea figo iliyogandishwa, atakuwa na kila haki ya kukataa. Na kitakachomfukuza hapo si kisu wala sumu. Ni neno tulilomwekea sisi.

Wapo wanaotaka tukope tu, tuseme vitrifikesheni, tulale. Sina uadui na mikopo. Oksijeni na hidrojeni ni raia siku nyingi, na nimeandika hapa fomamaidi bila kuona haya, kwa sababu kemikali ni kama mtu, ina jina lake. Lakini hili si jina la kitu, ni jina la tendo, na mwenye kulitumia katika Kiingereza husikia ndani yake, akiwa na Kilatini kidogo, kioo. Sisi tutasikia kelele. Wapo pia waliojaribu kuunda kutokana na kioo chenyewe. Mmoja aliniletea kukioza, na kwa kiungo ambacho jitihada yote ni kisioze, hiyo ni bahati mbaya isiyoelezeka. Mwingine akaleta kukioosha. Mkitamka upesi mtadhani figo inapelekwa dobi. Kioo ni jina zuri, likae liwe jina: hali ya kioo. Tendo tulitafutie mahali pengine.

Nami nalileta langu mbele yenu lipigwe mawe: kuduwaza.

Mtu aliyeduwaa ni yupi? Si aliyelala wala aliyekufa, na si askari aliyesimama gwaride. Ni yule aliyekuwa akipita njiani, akakutwa na jambo, akasimama pale pale, mguu mmoja mbele, mkono ungali hewani. Hakuchagua mahali pa kusimama. Na hali ya molekuli za maji ndani ya figo ya Minnesota ndiyo hiyo hiyo, si karibu yake. Hazikupanga safu, bali zimekatizwa katikati ya mwendo. Maji yaliyoganda ni gwaride. Maji yaliyoduwaa ni soko lililosimama ghafla. Nimetafuta katika Kiingereza chote nilichofundishia sikuona kitenzi cha kila siku kinachoisema hali hiyo kwa ukaribu huu, na chetu kilikuwa mdomoni mwa kila bibi.

Na mwenye kuduwaa tunamfanyaje? Hatumyeyushi. Tunamzindua. Kitenzi cha pili kimekuja chenyewe, kikiwa na mkono wake mkononi mwa cha kwanza: figo huduwazwa, hukaa, kisha huzinduliwa. Najua kwamba zindua limetekwa na wakata utepe, na siku hizi hazinduliwi mtu ila choo cha shule na kisima. Tulirudishe nyumbani. Nilijaribu kuviona vitenzi hivi vikitembea katika mizani, na ubeti mmoja ukanijia:

Maji yakiwa safuni, ndipo barafu hupangwa,
Ikachoma maungoni, na uzima ukatengwa,
Yakiduwaa njiani, safu haziwezi jengwa,
Lala figo kiooni, hadi mlango kigongwa.

Mzee mwenzangu wa Tanga, ambaye hapiti neno bila kulipiga konzi, ameshanipinga kwa simu. Anasema ganda ni pana: uji huganda, damu huganda, kupe humganda ng'ombe, na hakuna fuwele hata moja humo, kwa nini basi lisibebe na kioo? Hoja hiyo ni nzito kuliko za wote, nami naikubali nusu. Kweli ganda ni pana. Lakini litie pamoja na baridi uone kama sikio la Mswahili husikia kitu kingine zaidi ya barafu. Upana wa neno si ruhusa ya kulitumia mahali ambapo litasema kinyume. Isitoshe Usa River na Minnesota zinafanya kazi mbili zinazopingana juu ya maji yale yale. Mwanafunzi atazitenganishaje kwa neno moja?

Asiyestahili jibu refu ni yule asemaye kwamba haya ni mambo ya nchi za baridi, lugha ya minazi haiyawezi. Katika vidimbwi vya miambani kaskazini mwa Nigeria yuko buu wa kidudu jamii ya mbu wasiouma, kwa jina la kitaalamu Polypedilum vanderplanki. Jua likikausha kidimbwi, buu huyo naye hukauka, hujaza mwili wake sukari iitwayo trehalosi, na sukari hiyo huwa kioo na kuzishika seli zake zisibomoke. Hukaa hivyo miaka. Mvua ikinyesha, baada ya saa moja hivi huwa anajinyonganyonga majini. Ufundi wa kuduwaa na kuzinduka umefanyiwa mazoezi barani humu bila theluji, tangu kabla hajazaliwa mtu wa kuuandikia tasnifu.

Lawama yangu ya mwisho, na ndiyo iliyonifanya nilete maneno haya kwenu badala ya kuyapeleka kwa wanakemia, ni juu yetu washairi. Mwaka 1990 TUKI walitupa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Ni malenga wangapi kati yetu waliowahi kuifungua? Tunatunga juu ya mwezi, juu ya mahaba, juu ya Kiswahili chenyewe kilivyo kitamu, mpaka nimeanza kuona kwamba lugha yetu husifiwa zaidi kuliko inavyotumwa kazi. Mabaraza ya lugha yana wataalamu, lakini sikio la kujua kwamba duwaa linafaa na kukioza halifai ni la mtu aliyeshinda na mizani. Mwanakemia hawezi kutufanyia kazi hiyo, naye ana sumu zake za kupima.

Limenibakia neno moja sijaridhika nalo. Vile vitu vinavyochanganywa na maji, gliseroli na wenzake, vyaitwaje kwa pamoja? Nimefikiria vihami, kutokana na hami, lakini kihami kimoja kati yao ni sumu inayoua kwa kiasi kidogo tu kikizidi, na sijui kama mlinzi wa namna hiyo anastahili jina la heshima kiasi hicho. Kizuia barafu ni sahihi ila ni kirefu na hakiingii katika kipande cha mizani minane bila kusukumana. Mwenye lake alilete hapa chini, pamoja na sentensi tatu zinazolitumia, na moja kati ya hizo iwe ile ambayo muuguzi angemwambia mgonjwa.